Historia ya marehemu bila gitaa

Kwa msiba, Moshi tunawashinda Wamarekani, hilo sibishani na mtu. Hapa Memphis jirani anaweza kufa ukaja kujua siku vitu vyake vinashushwa ngazi. Kwetu, jioni ileile turubai limeshafungwa, kina mama wako jikoni, na ujumbe wa michango umeshatufikia sisi wa ng'ambo.

Lakini wapiga gitaa, Wamarekani wanawazika vizuri kuliko sisi.

B.B. King, mpiga gitaa wa blues, alifariki Las Vegas tarehe 14 Mei 2015, akiwa na miaka 89. Kabla ya kupelekwa kwao Mississippi, mwili ulipitishwa Memphis, mji uliomtoa kimuziki. Nilikuwepo Beale Street. Mbele ya msafara mtu alitembea amebeba Lucille, jina aliloyapa magitaa yake, huku matarumbeta yakilia na watu wakiita jina lake kama vile angepanda jukwaani. Akazikwa Indianola, kwenye makumbusho yenye jina lake, yaliyojengwa pale penye kinu cha kuchambulia pamba alichofanyia kazi ujanani. Hata kabla hajazikwa, mabinti zake wawili walidai baba kalishwa sumu; uchunguzi haukuikuta. Hapo nilijisikia niko nyumbani kabisa.

Sasa chukua mzee mmoja wa kwetu, mpiga gitaa la solo wa bendi ya dansi ya mjini Moshi enzi zile. Siku ya kumzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, historia ya marehemu ilisomwa yote: ubatizo, kipaimara, ndoa, watoto, wajukuu, kazi, maradhi. Muziki ukapata sentensi moja: "ujanani alijihusisha na burudani." Na pale chini ya turubai walikaa wazee waliopata wake zao kwenye madansi yake! Wakaishia kumsimulia pembeni, kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, sauti chini.

Najua sababu. Gitaa linanuka baa, na familia haitaki mchungaji alisikie. Mimi sikubali. Jina Lucille lenyewe lilitokana na wanaume wawili waliompigania mwanamke aitwaye Lucille dansini, huko Twist, Arkansas. Wakaangusha pipa la mafuta ya taa yanayowaka, ukumbi ukaungua, na King akarudi ndani ya moto kuokoa gitaa lake. Hayo yote yalijulikana, na bado ibada yake ilifanyika katika kanisa la Kibaptisti.

Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wetu maarufu, alifariki mwaka 1979 na bado tunamkumbuka, kwa kuwa sahani zake za santuri zipo. Hawa wa bendi ndogo za mikoani hawana sahani. Wana sisi tu na hiyo karatasi inayosomwa kaburini.

Desemba nakuja Moshi kama Wachaga wote. Mwenye kanda au picha za madansi ya zamani asizitupe. Nitapita na chombo cha kunakilia. Na wazee wale wa kwenye mbege nawaomba wasimulie kwa sauti.