Baba mdogo hayumo kwenye ile 509

Jumapili iliyopita, saa nne usiku, mtoto wa dada yangu aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo: "Corona Tanzania haikuwepo. Ilikuwa biashara ya wazungu." Kuna mtu alikuwa ametuma video ya zamani ya majeneza ya Italia, na hilo ndilo jibu alilolitoa yeye. Wakafuata watatu wanne na vidole gumba. Mwingine akaongeza kwamba sisi tulijifukiza, tukasali, yakaisha.

Kundi likanyamaza. Kisha akaingia mama mdogo, ambaye siku zote hutuma picha za maua na kututakia asubuhi njema. Aliandika mstari mmoja: "Mjukuu wangu, mimi ndiye niliyemfunga babu yako kidevu."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na ndiyo maana naandika.

Simlaumu sana yule kijana. Mwaka 2020 alikuwa darasa la sita. Anachokumbuka ni kwamba shule zilifungwa Machi, zikafunguliwa tarehe 29 Juni, akarudi akakuta wenzake wote wapo. Kwake yeye ushahidi umeisha hapo. Mwezi huohuo wa Juni aliambiwa na mkuu wa nchi wa wakati ule, Rais Magufuli, kwamba ugonjwa umeondoka, na tangu hapo hakuna mtu mzima aliyekaa naye chini akamwambia vinginevyo. Mtoto asiyeambiwa kitu atajaza mwenyewe. Kosa ni letu sisi tuliokuwa watu wazima.

Mnakumbuka ilivyoanza. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, mama aliyeshukia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kila jioni tulikuwa tunamsubiri Waziri Ummy Mwalimu na hesabu yake: wapya wangapi, mkoa gani, waliopona wangapi. Ndoo za maji tiririka zikawekwa kila mlango wa duka. Daladala zikawa levo siti, hakuna kusimama, na makonda walikuwa wakali kweli kuhusu hilo, tena wakali kuliko trafiki. Watu wa mtaa wetu walinawa mpaka viganja vikachubuka. Hawakupiga kelele wala kukimbia mji. Walikuwa wanaambiwa, nao wakawa wanajipanga.

Halafu ikaja ile siku ya hotuba ya rais kule Chato, tarehe 3 Mei, tukasikia habari za papai, mbuzi, fenesi na oili ya gari kupelekwa maabara kwa majina ya watu, na papai kukutwa na corona. Nchi nzima ikacheka. Na mimi nilicheka, sitasema uongo. Jirani yangu wa Buguruni aliyekuwa anauza matunda alirudi na papai zake siku mbili mfululizo, halafu siku ya tatu watu wakawa wanazinunua kwa utani, wanazipima joto kwa mgongo wa mkono. Kicheko kile kilitufanyia jambo moja baya sana. Kufikia siku chache baadaye hesabu zote zilikuwa zimekoma, na hatukuuliza zimekwenda wapi. Bara na Visiwani, jumla ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, ikabaki hapo kama saa iliyokatika betri.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana najua watakaonijia juu.

Kutofunga nchi lilikuwa jambo moja. Kutohesabu lilikuwa jambo lingine. Watu wanayachanganya haya mawili kila siku, na wakiyachanganya wanashinda mjadala kabla haujaanza. Ukigusa tu habari ya takwimu unaambiwa: "Kwa hiyo ulitaka tufungiwe ndani kama Uganda?" Hapana, sikutaka. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba uamuzi wa kuacha masoko wazi uliokoa jiko la watu wengi. Mama lishe anayeuza sahani ili anunue mchele wa kesho usimwambie akae ndani siku 14. Tuliona Likoni, tarehe 27 Machi 2020, polisi wa Kenya walivyowapiga watu waliokuwa wanawahi feri kabla ya kafyu. Tuliona watoto wa Uganda walivyokaa bila shule mpaka Januari 2022. Hayo sikuyatamani yatufikie, na hadi leo namshukuru Mungu hayakutufikia.

Lakini kuhesabu wafu hakumfungii mtu mlango. Kutaja ugonjwa kwa jina lake hakumzuii bodaboda kupakia abiria. Ungeweza kuacha Kariakoo wazi kuanzia alfajiri mpaka usiku, na bado ukamwambia mzee wa miaka 68 kwamba kuna kitu kinachopita, kaa mbali na msongamano, vaa barakoa. Tulinyimwa hilo la pili kwa kisingizio cha lile la kwanza.

Baba mdogo alikuwa na miaka 68. Mwalimu mstaafu, Morogoro, mtu wa kwaya na bustani ya mchicha. Mwishoni mwa Januari 2021 tulisikia kwenye taarifa kwamba chanjo hazifai. Wiki iliyofuata tukaonyeshwa kwenye televisheni namna ya kusaga tangawizi, vitunguu na malimao. Baba mdogo alikuwa mtu mtiifu kwa serikali. Alikuwa ameitumikia miaka 35. Alipoanza kukohoa alijifukiza nyungu mara tatu kwa siku, mwarobaini, mchaichai na majani ya mlimao, mama mdogo akimfunika kwa blanketi na kumshika mabega asianguke. Ananiambia kilichomtisha ni kwamba alipomfunua mara ya mwisho uso ulikuwa umelowa jasho lakini kucha zilikuwa za bluu. Wakamkimbiza hospitali siku ya Alhamisi. Mitungi ya oksijeni ilikuwa michache, wagonjwa wengi, wauguzi wawili kwa wodi nzima. Jumamosi kabla hakujapambazuka akakata roho. Hakukuwa na muuguzi karibu, mama mdogo akachana ncha ya kanga yake akamfunga kidevu.

Kwenye karatasi waliandika nimonia. Daktari, kijana mdogo tu, alimpa mama mdogo ile karatasi bila kumtazama, kisha akamfuata mpaka kwenye korido akamwambia kwa sauti ya chini: "Mama, msimlaze nyumbani. Mtoeni mochwari mwende naye makaburini moja kwa moja."

Nimeyafikiria maneno ya yule kijana kwa miaka. Alikuwa anajua. Alikuwa amefungwa mdomo, na bado dhamiri yake ikamsukuma mpaka kwenye korido. Sina hasira naye hata kidogo. Popote alipo, namwombea.

Ila sisi hatukumwelewa, au tuliogopa kumwelewa. Tukafunga turubai. Wanafunzi wake wa miaka yote wakaja, majirani, jumuiya, wanakwaya wenzake, watu wamebanana kwenye mabenchi, tunakumbatiana, tunalia mabegani kwa watu. Kila aliyeuliza kilichomuua alijibiwa "changamoto ya upumuaji", akaitikia kwa kichwa. Hayo maneno tulikuwa tumeyajua wote kufikia Februari, yakisomwa kwenye matanzia, yakisemwa na wachungaji, na kila mtu akijua yamesimama badala ya neno gani. Wiki tatu baadaye tulikuwa chini ya turubai lingine, la mmoja wa waliobeba jeneza la baba mdogo. Baada ya hapo akafuata mwalimu wa kwaya.

Hapo ndipo ninapomkatalia kabisa anayesema ukimya ulizuia taharuki. Ukimya ndio uliotukusanya chini ya lile turubai. Kama lingetamkwa neno moja tu, corona, wazee wasingekaa benchi moja na vijana waliotoka Dar na basi la asubuhi. Tungezika watu 20 na wengine wangepiga simu. Tunajua hivyo kwa sababu tuliwahi kufanya hivyo Aprili 2020, wakati tulipokuwa tunaambiwa.

Na tuliona tena, kwa siku chache, kwenye msiba wa Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Chama chake kilisema wazi Januari kwamba ana corona. Hakuna soko lililochomwa wala benki iliyokimbiliwa. Alipofariki tarehe 17 Februari, siku ileile tuliyompoteza Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, katika mtaa wetu barakoa zilirudi kesho yake asubuhi bila mtu kuagiza. Jina moja lilitamkwa, watu wakajilinda. Mwezi ule tulimwona pia Waziri wa Fedha akikohoa mbele ya kamera nje ya hospitali Dodoma ili kutuhakikishia kwamba yuko hai, na nakumbuka tulivyokaa sebuleni bila kusema neno, dada yangu akaziba mdomo kwa mkono. Maaskofu wa TEC, Baraza la Maaskofu Katoliki, walikuwa wameshaonya tangu Januari, na kufikia Machi katibu wao alikuwa anataja mapadri zaidi ya 25 na masista 60 waliofariki ndani ya miezi miwili. Kanisa lilikuwa linahesabu watu wake. Sisi wengine nani alituhesabu?

Kuhusu maombi sitaki mzozo. Zile siku tatu za Aprili nilifunga na nikasali, na ningefanya tena leo.

Kuhusu waandishi, leseni ya mtandaoni ya gazeti la Mwananchi ilisitishwa miezi 6 mwezi uleule wa Aprili 2020, na kila mhariri alipata ujumbe. Inatosha.

Hebu tazameni kilichofuata, maana kuna watu wanadhani ukimya wa 2020 uliishia 2021. Rais Samia alipoingia aliunda kamati ya wataalamu, akataja wagonjwa hadharani mwishoni mwa Juni, na tarehe 28 Julai akachanjwa Ikulu mbele ya taifa zima. Nilimheshimu sana siku ile. Lakini nilipompigia mama mdogo kumwambia akajiandikishe, aliniuliza: "Januari walisema haifai. Julai wanasema inafaa. Walionidanganya ni wa Januari au wa Julai?" Sikuwa na jibu. Alikwenda kuchanja Oktoba, kwa sababu padri alichanja. Watu wanaoitwa wabishi wa chanjo wengi wao ni kama mama mdogo: walitii mara ya kwanza, wakazika.

Januari 2025 tukalirudia jambo lilelile Biharamulo. Tarehe 14 WHO ikasema kuna watu wanahisiwa kuwa na Marburg Kagera na wanane wamekufa. Wizara ikasema vipimo havionyeshi kitu. Mlikuwepo mtandaoni, mliona majibu ya watu: "Wakikanusha, ujue ipo." Tarehe 20 Rais mwenyewe akathibitisha, akiwa na mkurugenzi mkuu wa WHO pembeni yake. Siku 6. Kwa ugonjwa unaoua kama Marburg, siku 6 ni nyingi mno kwa muuguzi anayemshika mgonjwa bila kujua anashika nini. Na kule kule Kagera, Machi 2023, Marburg ya Bukoba ilitangazwa mapema na watu wakaambiwa, na ikaisha kwa wagonjwa 9 na vifo 6. Uwezo tunao. Watu wa maabara tunao. Mwaka 2023 uko kwenye kumbukumbu, hakuna anayeweza kusema ilikuwa haiwezekani.

Ninachokidai ni kitu kimoja. Kuanzia Mei 2020 hadi mwisho wa Juni 2021 kuna zaidi ya mwaka mzima ambao wafu wake hawamo popote. Ile 509 ilikuwa imeshafungwa, na hesabu mpya ikaanza kana kwamba katikati hakukupita kitu. Baba mdogo yumo humo katikati. Mafaili ya wodi yapo. Rejista za mochwari zipo. Vitabu vya mazishi vya parokia na vya misikiti vipo. Wataalamu wetu wakae waviweke pamoja, wapige hesabu ya miezi ile dhidi ya miezi ya miaka mingine, watuambie tulizika wangapi zaidi. Hawahitaji kumshtaki mtu. Wahesabu tu.

Na msiniambie sisi si watu wa kuhesabu. Mama mdogo ndiye mweka hazina wa jumuiya yao mpaka leo. Juzi nilimwomba anipigie picha lile daftari la rambirambi, counter book yenye jalada jeusi, imebandikwa karatasi ya khaki. Kila msiba una jina la marehemu juu, tarehe, halafu orodha: nani katoa elfu mbili, nani katoa elfu tano, nani kaleta kilo tatu za mchele, nani kaahidi hajatoa. Mwaka mzima wa 2020 unachukua kurasa tatu. Januari hadi Machi 2021 zinachukua kurasa saba. Kwenye ukurasa wa baba mdogo mwandiko si wake, aliuandika binti yake, na chini kabisa kuna mstari wa penseli: masufuria mawili ya watu hayajarudishwa.

Nimeituma picha ya ule ukurasa kwenye kundi. Mtoto wa dada yangu ameiona. Alama mbili za bluu zipo. Bado hajaandika kitu, ila mama mdogo ananiambia amempigia simu, wakaongea muda mrefu.