Ushuhuda Uliotiwa Chumvi

Kwenye mkutano wa injili hapa Malindi, dakika inayonyamazisha uwanja ni ya ushuhuda. Mahubiri watu huyasikiliza huku wakinunua mabuyu. Ila mtu akianza, "Mimi nilikuwa shehe...", hata muuza kahawa huvishika vikombe vyake visilie.

Hapo ndipo humkumbuka Ergun Caner, mhubiri wa Kibaptisti wa Marekani aliyevuma baada ya Septemba 11, 2001. Alisimulia kwamba alikulia Uturuki, akafunzwa jihadi, kisha akaokoka. Mwaka 2005 akawa mkuu wa seminari ya Chuo Kikuu cha Liberty, Virginia. Baadaye Waislamu, na Wakristo wenzake pia, wakazilinganisha hotuba zake na hati za talaka ya wazazi wake. Kumbe alizaliwa Stockholm mwaka 1966, akahamia Ohio angali mtoto mdogo. Chuo kikachunguza mwaka 2010, kikakuta tarehe, majina na makazi havioani. Ukuu ukamtoka, ualimu ukabaki.

Watetezi wake wana hoja, nami siipuuzi. Uchunguzi huohuo haukupata ushahidi kwamba hakuwa Mwislamu aliyeingia Ukristo ujanani. Kuiacha dini ya baba si jambo jepesi, Ohio au Malindi. Kumbukumbu nazo huteleza: muulize mzee wa Shela alihamia mwaka gani, atakuhesabia kwa mafuriko. Lakini sijamwona mzee aliyesahau alikokulia.

Kinachonikera zaidi ni mahali chumvi ilipotiwa. Angekosea umri wa ubatizo wake, ningenyamaza. Yeye aliongeza jihadi, mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa na jirani Mturuki wa kumuuliza. Hapa kwetu adhana na kwaya husikika kibaraza kimoja, na Mgiriama aliyeokoka huenda ana binamu msikitini. Akidai alikuwa shehe, swali litakuja kabla ya sadaka kukusanywa: ulisoma kwa mwalimu gani? Na tangu miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ifukuliwe katika msitu wa Shakahola, sioni kwa nini mhubiri akiulizwa iitwe utovu wa adabu.

Siku moja nilimsimulia habari hii mama mmoja wa kanisani kwetu. Akauliza, "Kwani angesema tu alikulia Ohio, watu wasingemsikiliza?"

Nilitaka kumjibu wangemsikiliza. Kisha nikakumbuka vile vikombe vya kahawa.