Kovu la ini: tuzime jeni au tuondoe chanzo?

Mjomba wangu wa Chamwino alianza na mkanda wa suruali. Kila baada ya siku kadhaa anatoboa tundu jipya, tumbo linajaa huku mikono inakonda, nyumbani wakasema karogwa mpaka ultrasaundi ilipoonyesha ini limekakamaa na damu ikasema homa ya ini B. Toka hapo nasoma sana kuhusu kovu la ini, na kuna mvutano mmoja wa kisayansi unanigusa.

Iko hivi, kwenye ini kuna seli zenye umbo la nyota, siku zote zimetulia tu zinatunza vitamini A. Ini likiumizwa na virusi au pombe au mafuta, seli za jirani zinatoa ujumbe wa kemikali unaitwa TGF-beta, seli ya nyota inaupokea, protini za SMAD zinaubeba mpaka ndani ya kiini na huko zinawasha jeni za kolajeni, yaani protini ya nyuzi inayojenga kovu, basi ile seli inapoteza vitamini A yake na kugeuka fundi wa kovu. Kuna kipande kidogo cha RNA (molekuli jamaa ya DNA), miR-29, ambacho kawaida kinazuia kolajeni isizidi, nacho kwenye ini lenye kovu kinapungua. Yaani ni kama gari, mafuta yanakanyagwa na breki hazishiki.

Sasa wapo wanaosema ondoa chanzo, jeni zitatulia zenyewe. Wana ushahidi mzito: mwaka 2013 yalitoka matokeo ya wagonjwa 348 wa homa ya ini B waliomeza tenofovir, dawa ya kudhibiti virusi, miaka 5 na kuchukuliwa kinyama cha ini mwanzo na mwisho, nusu yao kovu lilipungua, na kati ya 96 waliokuwa na sirosisi, yaani kovu lililoenea ini zima, 71 hawakuwa nayo tena. Mimi nilikuwa naamini sirosisi hairudi nyuma kabisa!

Wengine wanasema haitoshi, tuzime jeni zenyewe. Na hawa siwezi kuwapuuza, maana kwenye panya imeonekana kichokozi kikiondolewa kuna seli zinatulia lakini hazirudi kama zamani, ukizichokoza tena zinawaka haraka zaidi. Halafu wale 25 waliobaki na sirosisi tunawaambia nini? Shida ni kwamba TGF-beta hiyohiyo inafunga vidonda na kutuliza kinga ya mwili, ukiizima mwili mzima unaharibu kwingine. Hata resmetirom, dawa ya kovu la ini lenye mafuta iliyoidhinishwa Marekani Machi 2024, haizimi jeni za kolajeni moja kwa moja, inaamsha jeni za kuchoma mafuta ndani ya ini, kwa hiyo nayo inapiga chanzo, ila kwa njia ya jeni.

Ndiyo maana mimi nasimama na chanzo kwanza, na utafiti wa kuzima jeni uendelee kwa ajili ya waliochelewa kama mjomba. Kwa huku kwetu chanzo kinapimwa kwa tone la damu na dawa ni kidonge kimoja kwa siku. Chanjo ya homa ya ini B kwa watoto wachanga Tanzania ilianza 2002, watoto wawili wa mwisho wa mjomba waliipata. Wale watatu wakubwa hawajawahi kupimwa, Jumamosi naenda nao.