Ngome ya Lamu ilikuwa inamlinda nani hasa?

Ukifika Lamu ngome huwezi kuikosa, iko pale Mkunguni katikati ya mji, na mtembeza wageni yeyote atakuanzia na Vita vya Shela vya mnamo 1812, vile watu wa Pate, kisiwa jirani, na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walivyokuja na vyombo vyao wakidhani Lamu ni ya kujichukulia tu, wakapigwa vibaya, na inasimuliwa maji yalikupwa vyombo vikakwama mchangani wakakosa hata pa kukimbilia. Hadithi tamu, na Waamu, yani watu wa Lamu, wana haki ya kuringa nayo. Ila mi naona inatufunika macho kidogo.

Manake baada ya kushinda Waamu waliingiwa na hofu ya kisasi, wakamuita Sayyid Said wa Oman awe mlinzi wao, naye akaleta liwali, akaleta askari Mabulushi, na ngome ikakamilika 1821. Ni kama kumuita jirani akufukuzie mwizi alafu jirani mwenyewe akagoma kutoka sebuleni. Mombasa ya Wamazrui ikaja kuanguka mikononi mwa huyo huyo Sayyid Said 1837, Pate ikazidi kudhoofika, na bado askari wako ngomeni na bunduki na baruti zao. Sasa walikuwa wanamlinda nani dhidi ya nani?

Hebu liangalie jengo lenyewe. Pembe nne, ua katikati, vyumba vimeuzunguka juu na chini, na minara miwili ya duara, miwili tu. Watu huuliza mbona si minne, na jibu ni akili ya mtu anayebana matumizi, kila mnara unaona kuta mbili kwa hiyo ukiiweka kwenye kona mbili zinazotazamana kuta zote nne zishapata mlinzi, mawe yamebaki na hela ya mafundi imebaki. Fort Jesus ya Mombasa ni kitu kingine kabisa, ile Wareno waliianza 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati na kila kona imefikiriwa kwa ajili ya mizinga. Hii ya Lamu haina makuu hayo, mi naisoma kama kambi ya kuweka kikosi ndani ya mji, na kikosi kilichokaa ndani ya mji kazi yake ya kila siku ni kuutazama mji.

Kitu ninachokipenda mimi kiko juu ya kichwa. Ingia chumba chochote uangalie dari, utaona boriti za mikoko zimelala moja baada ya nyingine, juu yake mawe na chokaa. Boriti ya mkoko haivuki mbali, kwa kawaida hata mita 3 haifiki, ndo maana vyumba ni virefu na vyembamba kama vya nyumba zote za mawe za Lamu. Yani bwana mkubwa aliamrisha kutoka Oman lakini vipimo alivitoa mkoko, na askari wa kigeni wakalala kwenye vyumba vya Kiswahili watake wasitake.

Zamani bahari ilikuwa inafika pale mbele kabisa, siku hizi ufuo umejazwa na maji yako kama mita 70 hivi, kwa hiyo mgeni haelewi kirahisi ngome inafanya nini katikati ya soko.

Alafu kuna ile sehemu inayopitwa haraka haraka. Kuanzia 1910 mpaka 1984 ile ilikuwa jela. Waingereza ndo walioanza, sawa, lakini Fort Jesus iliacha kufunga watu 1958, na hii ya Lamu iliendelea miaka zaidi ya 20 baada ya uhuru, bendera yetu, makufuli yetu. Leo ni makumbusho, kuna maktaba, kuna shughuli zinafanyika uani, na mi nafurahi sana jengo linatumika badala ya kuachwa libomoke. Ila kama hadithi ya Shela ya miaka mia mbili tunaikumbuka mpaka maji yalivyokupwa, basi ya juzi itatushindaje? Waliofungwa mle na waliokuwa wanashika funguo miaka ya sabini wengine wako hai, mtu akae nao na rekoda awaulize walilalaje, walikula nini, nani aliletwa kwa kosa gani, na hayo maneno yawekwe kwenye vyumba vile vile walivyolala, kabla ya kuongeza picha nyingine ya jahazi ukutani.