Askari wa Keya: chakula cha hisani na deni lisilolipwa

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 za kuwasaidia askari wazee na wajane wapatao 7,000 wa nchi za Jumuiya ya Madola, ili wapate walau milo miwili kwa siku. Fedha zilipitia Royal Commonwealth Ex-Services League, shirika la hisani lililoundwa 1921, ambalo hufanya kazi na vyama vya askari wastaafu katika kila nchi. Kwetu Afrika Mashariki walengwa ni askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza), waliopelekwa Burma, leo Myanmar, katika Vita vya Pili vya Dunia na kupigana katika matope na malaria ya bonde la Kabaw mwaka 1944.

Wanaoupinga msaada huu wana hoja nzito. Vita vilipokwisha, askari hawa walipewa kiinua mgongo cha mara moja, na rangi ya ngozi ilihesabiwa katika kiwango chake. Nyaraka za enzi hizo zilizotangazwa 2019 zilionyesha kuwa Mwafrika aliweza kupata theluthi tu ya alichopata mzungu. Leo mdaiwa huyohuyo, Uingereza, anatoa chakula na kushukuriwa. Tena, hisani haidaiwi mahakamani: mfadhili akiacha, imekwisha.

Lakini mzee aliyepita miaka tisini hawezi kungoja hukumu. Wazee wa Mau Mau walifungua kesi London mwaka 2009 kudai fidia ya mateso ya enzi ya ukoloni. Suluhu ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 ilipatikana 2013, mmoja wa waliofungua kesi akiwa ameshafariki. Na hao walikuwa na mawakili. Mjane aliyeolewa kimila, mahari ikatolewa ng'ombe, hana cheti cha ndoa; kitabu cha jeshi cha marehemu pengine kililiwa na mchwa. Huyo anahitaji unga mwezi huu.

Mimi naona wapokee, bila kutia saini karatasi yoyote inayofuta madai. Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka: ili kugawa msaada, vyama vya askari wastaafu hulazimika kuhakiki jina, namba ya jeshi, kikosi na familia ya kila mtu. Huo ni ushahidi. Kenya na Tanzania ziombe nakala za orodha hizo na kuzihifadhi katika nyaraka za taifa, ili watoto wa askari hawa wakitaka kudai tofauti ya kiinua mgongo, wawe na pa kuanzia.