Jefferson Long anastahili zaidi ya mistari miwili

Makala hii ninayoitolea maoni imemtaja Jefferson Long kwa haraka mno: mbunge wa jimbo la Georgia, Marekani, Januari hadi Machi 1871, basi. Jamani, huyu alizaliwa mtumwa mwaka 1836, akajifunza kusoma mwenyewe, akawa fundi cherehani mwenye duka lake mjini Macon! Aliapishwa Januari 16, na Februari 1 akawa mbunge Mweusi wa kwanza kuhutubia Baraza la Wawakilishi la Marekani. Alipinga muswada wa kuwalegezea kiapo cha uaminifu kwa serikali waliokuwa waasi wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Aliwaambia wenzake kwamba kwao Georgia raia mwaminifu hathubutu kupita barabarani na bendera ya taifa, maana atafukuzwa kazi, halafu leo mnataka kuwasamehe waliofanya unyama wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu lililowatisha na kuwaua Weusi? Muswada ulipita hivyo hivyo.

Kinachoniuma zaidi ni duka. Wateja wake wengi walikuwa Wazungu, na siasa ikawafukuza. Georgia nayo haikumchagua Mweusi mwingine kwenda Baraza hilo hadi Andrew Young, mwaka 1972. Zaidi ya miaka mia!

Mwandishi, tafadhali tutafsirie hotuba ile yote. Si ndefu.