Chakula cha bure mbele ya maktaba: hoja za Houston na kasoro ya sheria yake

Machi 2023 polisi wa Houston, Texas, walianza kuwaandikia faini watu wa kujitolea waliokuwa wakigawa chakula cha jioni nje ya maktaba kuu ya jiji. Kikundi chao, Food Not Bombs (yaani "Chakula, si Mabomu"), hupika chakula kisicho na nyama na kumpakulia yeyote anayepanga foleni. Wengi katika foleni hiyo ni watu wanaolala nje. Kosa lao limo katika sheria ndogo ya mwaka 2012: hairuhusiwi kugawa chakula cha hisani kwa wahitaji zaidi ya watano katika eneo la wazi bila idhini ya mwenye eneo, hata kama mwenye eneo ni jiji lenyewe. Faini yake inaweza kufika dola 2,000.

Kwa msomaji aliyezoea Ramadhani ambapo futari hutandikwa nje na mpita njia akakaribishwa bila kuulizwa jina, habari hii inachukiza. Mimi ilinichukiza. Hata hivyo, Houston si jiji la kuhukumiwa kwa haraka. Baada ya mwaka 2011 liliipunguza idadi ya wasio na makazi kwa zaidi ya nusu, na katika muda wa miaka kama kumi zaidi ya watu 25,000 walihamishiwa kwenye nyumba. Serikali za mitaa na mashirika ya hisani yalikubali kufanya kazi kwa mpango mmoja: mtu apewe nyumba kwanza, mengine yafuate, bila kumshurutisha aache pombe au apate kazi ndipo afunguliwe mlango. Ni majiji machache ya Marekani yanayoweza kuonyesha matokeo ya aina hiyo.

Hapo ndipo hoja ya jiji inapopata uzito. Mpango kama huo hautembei mpaka mwenye shida akutane na mhudumu, aandikwe jina, afuatiliwe. Sahani ya maharage iliyoliwa ukingoni mwa barabara inamshibisha, lakini haimsogezi hatua moja kuelekea nyumba. Jiji lilitaka ugawaji uhamie kwenye maegesho ya magari ya polisi, mtaa wa Riesner, na maktaba ibaki mahali ambapo familia zinaingia bila wasiwasi. Mzazi anayempeleka mwanawe kusoma ana haki ya kusikilizwa, na si lazima awe mtu katili. Tatizo ni mahali palipochaguliwa. Mtu anayefukuzwa na polisi kila anapokunja maboksi yake ya kulalia hawezi kutarajiwa kwenda kula kwa polisi kwa moyo mkunjufu.

Hoja ya afya nayo si ya kubuni. Mlipuko wa homa ya ini aina ya A ulioikumba San Diego, California, kuanzia mwishoni mwa 2016 uliwaambukiza karibu watu 600 na kuua 20, wengi wao wakiwa watu wasio na makazi au watumiaji wa dawa za kulevya. Mwaka 2017 mji jirani wa El Cajon ulipiga marufuku kugawa chakula katika maeneo yake ya umma, na Januari 2018 watu wapatao kumi na wawili wakakamatwa kwa kukaidi. Lakini ugonjwa huo huenea kupitia kinyesi, hasa pale watu wanapokosa choo na maji ya kunawa mikono. Mapambano yenyewe yalikuwa chanjo, vituo vya kunawia na kuosha barabara kwa dawa. El Cajon iliona hatari ya kweli, kisha ikaanza na masufuria badala ya vyoo.

Ipo hoja nyingine ninayoikataa kabisa: kwamba chakula cha barabarani ndicho kinachowaweka watu barabarani. Anayesema hivyo aeleze ni nani angechagua kulala juu ya zege katika joto la Julai la Texas kwa sababu ya bakuli la supu. Kodi ya nyumba, ugonjwa wa akili, ulevi, kuvunjika kwa familia, kutoka gerezani bila pa kwenda, hizo ndizo njia zinazowafikisha watu pale. Kuwanyima chakula hakuzibi hata moja.

Mahakama zimeyumba. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya 11, mahakama ya shirikisho inayosikiliza rufani za Florida, iliikubali sheria ya Orlando, Florida, iliyotaka kibali kwa anayelisha makundi makubwa katika bustani za katikati ya jiji, vibali visivyozidi viwili kwa mwaka kwa kila kikundi katika kila bustani. Mwaka 2014 mji wa Fort Lauderdale, katika jimbo hilohilo, ulimshtaki Arnold Abbott, mzee wa miaka 90, pamoja na wachungaji wawili, kwa kugawa chakula hadharani. Mwaka 2018 mahakama ileile ya rufani, katika kesi ya Food Not Bombs dhidi ya mji huo, ilisema kugawa chakula bustanini ni namna ya kutoa maoni inayolindwa na Katiba. Huko Houston, jopo la raia lilimwachia huru mshtakiwa wa kwanza Julai 2023, na Februari 2024 Jaji Andrew Hanen wa mahakama ya shirikisho akazuia sheria hiyo isitumike dhidi ya kikundi hicho.

Nimefurahia hukumu hizo, ila msingi wake unanisumbua. Kinacholindwa ni ujumbe wa mgawaji. Mwenye bango na kauli ya kupinga vita ana ngome ya kisheria, lakini mama anayeshusha sufuria ya wali kimyakimya, asiye na la kumtangazia mtu, anaweza kujikuta hana ngome hiyo. Njaa ya anayekula haimo kabisa katika hesabu.

Kwa hiyo naona mpaka ungewekwa hivi. Jiji lina haki ya kudai chakula kipikwe kwa usafi, mikono inawiwe, taka ziondolewe. Vikundi vinavyojazana kona moja siku ya Krismasi na kutoweka wiki zinazofuata vina haja ya kupangiwa zamu. Lakini sheria inayoanza kwa kuuliza mlaji ni mhitaji au si mhitaji imeacha kushughulika na chakula. Watu ishirini wa ofisini wakiletewa pilau bustanini, kifungu cha hisani hakiwagusi. Mwaka 2006 Las Vegas ilithubutu kukataza kumpa chakula bustanini mtu ambaye kwa kumtazama tu ungedhani anastahili msaada wa serikali. Mahakama ya shirikisho iliifuta.

Houston tayari ina wahudumu wanaojua kumtafutia mtu nyumba, na foleni ya maktaba inawakusanya watu walewale wanaotafutwa, mahali pamoja na saa inayojulikana. Mhudumu mwenye orodha ya nyumba angeweza kusimama pale jioni, katika nafasi aliyokuwa akisimama askari mwenye kitabu cha faini.